Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mkulima wa Meru na Embu: Mlango wa Kugonga ni Upi?

Watu wengi wa Meru na Embu wamelisikia jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu utoto wao. Vijana hulisikia katika redio na kulisoma magazetini. Wazee hulikumbuka kwa sababu walipata kusafiri kwa gari la moshi lake na kupokea barua kwa posta yake. Lakini ukimwuliza mtu, "Jumuiya hiyo hufanya kazi gani, na ndani yake ni nani amwamuruye mwenzake?" aghalabu atakujibu kwamba ni mkutano wa Marais huko Arusha. Jibu hilo si uongo, ila ni sawa na kusema kwamba chama cha ushirika cha kahawa ni mkutano mkuu wa mwaka. Mkutano mkuu upo, ni kweli. Lakini kahawa hupimwa, humenywa, huoshwa na kuanikwa katika siku zote ambazo mkutano huo haupo.

Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi Jumuiya inavyofanya kazi siku hizo nyingine zote. Yafaa tujue, kwa sababu maamuzi yake huyagusa mahindi ya Mbeere, mpunga wa Mwea, miraa ya Igembe na Tigania, na maua ya Timau. Mwenye shida asiyejua mlango ulipo huishia kugonga ukuta, kisha husema kwamba nyumbani hamna watu.

ILIKOTOKA JUMUIYA

Umoja wa nchi hizi haukuanza jana. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia kamili mwaka 1927. Tarehe 1 Januari 1948 ikaanza kazi Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki, ambayo wakuu wake walikuwa Magavana watatu na makao yake yalikuwa Nairobi. Halmashauri hiyo ndiyo iliyosimamia reli na bandari, posta na simu, utafiti wa kilimo na misitu huko Muguga, vita juu ya nzige, na ofisi ya kuchapisha vitabu. Reli yenyewe haikufika Meru wala Embu. Mtu wa Meru alilifuata gari la moshi Nanyuki, na mtu wa Embu alilifuata Sagana. Hata hivyo kahawa iliyopandwa na Waafrika katika sehemu zetu tangu miaka ya 1930 ilipita katika reli hiyo na bandari hiyo ya Mombasa kwenda ng'ambo.

Mwaka 1961 Halmashauri iligeuzwa kuwa Shirika la Huduma za Pamoja. Nchi zilipokwisha kujitawala, Rais Kenyatta wa Kenya, Rais Nyerere wa Tanzania na Rais Obote wa Uganda walitia sahihi Mkataba wa Ushirikiano mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967. Jumuiya ya kwanza ikaanza tarehe 1 Desemba mwaka huo huo, na makao makuu yakawa Arusha.

Haikudumu miaka 10. Uganda na Tanzania zilinung'unika kwamba viwanda na faida nyingi zilikuwa zikibaki Kenya. Baada ya Idi Amin kuitwaa Uganda mwaka 1971, Rais Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na kwa hiyo wakuu watatu hawakuweza kukutana tena. Mapema mwaka 1977 shirika la ndege la pamoja likavunjika, na mwezi wa Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo ulikaa umefungwa hata Novemba 1983. Kugawana mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa kulimalizika kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984, yaani miaka 7 baadaye. Kujenga nyumba ni kazi, lakini kugawana nyumba iliyobomoka ni kazi zaidi.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa Mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na Rais Moi, Rais Mkapa na Rais Museveni. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Hivyo nchi wanachama sasa ni 8.

Jambo moja katika Mkataba huo halina budi kukumbukwa. Katika utangulizi wake walioutunga walizitaja wazi sababu za kufa kwa Jumuiya ya kwanza. Ya kwanza ni kwamba serikali hazikuwa na nia thabiti. Ya pili ni kwamba faida hazikugawanywa kwa usawa. Ya tatu ni kwamba wafanya biashara na wananchi wa kawaida hawakushirikishwa vya kutosha. Sababu hiyo ya tatu yatuhusu sisi. Jumuiya ya kwanza ilipokufa, wananchi walioitazama ikizikwa walikuwa wengi kuliko waliojua ilikuwa imewafanyia nini.

VYOMBO VYAKE NA KAZI ZAKE

Juu kabisa uko Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Wakuu hao hukutana angalau mara moja kwa mwaka, na uenyekiti huzunguka kutoka nchi hadi nchi. Wao hutoa mwelekeo, hupokea nchi mpya, na huteua majaji na Katibu Mkuu. Maamuzi yao hayapigiwi kura. Ni lazima wote wakubaliane. Watu wa Meru hawatashangazwa na jambo hilo, maana wazee wa Njuri Ncheke wakikutana Nchiru hawana desturi ya kuhesabu mikono. Huzungumza mpaka neno liwe moja. Uzuri wa desturi hiyo ni kwamba hapana atokaye amekasirika kwa kushindwa. Ubaya wake ni kwamba mmoja akinyamaza au asipofika, jambo hulala.

Chini ya Wakuu liko Baraza la Mawaziri, ambalo ndilo lenye kazi nzito. Baraza hutunga kanuni na kutoa maagizo ambayo yanazifunga serikali zote za nchi wanachama. Kwa mfano, waraka wa kila mwaka unaoeleza bidhaa zipi zilipe ushuru gani hutoka katika Baraza hili. Mawaziri hutayarishiwa kazi na Kamati ya Uratibu, yaani Makatibu Wakuu wa wizara, na hao nao hutayarishiwa na kamati za wataalamu wa kilimo, afya, barabara, forodha na kadhalika. Basi neno linaloamuliwa Arusha huwa limekwisha kupita mikononi mwa maofisa wetu wenyewe huko Nairobi. Mkulima akitaka kulinyoosha neno, alishike huko chini lingali bichi.

Katibu Mkuu na wafanya kazi wake ni kama meneja na makarani wa ushirika. Wao hutunza daftari, huitisha mikutano, hufuatilia maagizo na kuandika taarifa. Katibu Mkuu huteuliwa kwa miaka 5 na hateuliwi tena, na nafasi hiyo huzunguka. Hana polisi wala jeshi, wala hawezi kumwondoa ofisa wa forodha hata mmoja aliyekaa Namanga. Ofisa huyo ni mtumishi wa nchi yake.

Liko pia Bunge la Afrika Mashariki. Kila nchi huchagua wabunge 9. Hawachaguliwi na wananchi moja kwa moja bali na Bunge la nchi yao, nao hawaruhusiwi kuwa wabunge wa nyumbani wakati huo huo. Burundi iliyo ndogo ina wabunge 9 sawa na Kongo iliyo kubwa kuliko kila nchi nyingine ya Jumuiya. Mwana ushirika ataelewa hapa pia, maana mwenye miche 100 na mwenye miche 5,000 wote wana kura moja katika mkutano. Miswada inayopitishwa na Bunge hilo huwa sheria baada ya kukubaliwa na Wakuu wa Nchi.

Mwisho ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo tutaieleza mbele kidogo, maana ndiyo mlango ambao mtu wa kawaida anaweza kuugonga kwa mkono wake mwenyewe.

SHERIA YA SOKO

Mkataba uliweka ngazi nne za kupanda. Ya kwanza ni Umoja wa Forodha, ulioanza tarehe 1 Januari 2005. Ya pili ni Soko la Pamoja, lililoanza tarehe 1 Julai 2010, ambalo lahusu pia watu, kazi na mitaji. Ya tatu ni sarafu moja. Mapatano yake yalitiwa sahihi mwaka 2013 kwa kutazamia kwamba sarafu ingekuwapo mwaka 2024, lakini mwaka huo ulipita bila sarafu hiyo. Ya nne ni shirikisho la kisiasa, nalo liko mbali bado.

Umoja wa Forodha maana yake ni mambo mawili. Kwanza, bidhaa iliyolimwa au kutengenezwa ndani ya nchi wanachama haitozwi ushuru wa forodha ikivuka mpaka kwenda nchi nyingine ya Jumuiya. Pili, bidhaa itokayo nje ya Jumuiya hutozwa ushuru ule ule popote inapoingilia. Malighafi haitozwi kitu. Vitu vilivyotengenezwa nusu hutozwa asilimia 10, na vilivyokamilika asilimia 25. Tangu Julai 2022 imeongezwa daraja la nne, la asilimia 35, kwa vitu ambavyo nchi zetu huvitoa kwa wingi, na humo zimo bidhaa nyingi za maziwa, nyama, nafaka, matunda, kahawa na chai.

Chukua mchele uwe mfano. Mkulima wa Mwea, ambayo hadi mwaka 1963 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu, hushindana sokoni na mchele wa Pakistan na mchele wa Tanzania. Ushuru wa Jumuiya kwa mchele wa nje ni asilimia 75, lakini Kenya iliomba na kupewa ruhusa ya kutoza asilimia 35. Mchele wa Tanzania, wenye cheti cha kuonyesha asili yake, hautozwi ushuru huo hata kidogo. Huyo ni mshindani wa halali, na dawa ya mshindani wa halali ni mavuno mema na gharama ndogo.

Mfanya biashara mdogo naye hakusahauliwa. Aliye na shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kujaza cheti rahisi cha asili pale pale mpakani, asihitaji wakala. Katika mipaka ya Namanga, Busia, Malaba, Taveta na Isebania maofisa wa nchi mbili hukaa mahali pamoja, ili msafiri asisimame mara mbili. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2014 Mkenya huweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa.

Hapa lazima tuonye jambo moja. Watu wa Meru wana barabara kubwa ipitayo Isiolo hata Moyale, na wengi hudhani kwamba sheria hizi hutumika huko pia. Sivyo. Ethiopia si mwanachama wa Jumuiya hii. Kenya na Ethiopia hukutana katika IGAD, ambayo makao yake ni Djibouti, na katika COMESA, ambayo makao yake ni Lusaka. Hizo ni nyumba nyingine zenye kanuni nyingine.

MAHINDI YA MWAKA 2021

Sasa tuitazame Jumuiya ilipojaribiwa. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliwaandikia watu wa forodha kwamba mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingizwe tena, kwa kuwa yalipimwa na kuonekana yana sumu ya kuvu kupita kiasi. Malori yakasimama mipakani, na wafanya biashara wa nchi zote tatu wakalia.

Sumu hiyo si hadithi. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 katika sehemu za Ukambani zinazopakana nasi. Kwa hiyo Kenya ilikuwa na neno la haki, na mapatano ya forodha yenyewe huiruhusu nchi kuzuia bidhaa kwa ajili ya afya ya watu. Lakini yanaitaka imjulishe Katibu Mkuu kwanza. Tena kipimo kimekwisha kukubaliwa na nchi zote, nacho ni sehemu 10 za sumu katika sehemu bilioni moja. Palipo kipimo, gunia hupimwa, likafaulu au likashindwa. Kufunga mpaka ni kuyahukumu magunia yote kwa makosa ya baadhi.

Ndivyo ilivyokwisha. Tarehe 10 Machi zuio liliondolewa, likawekwa sharti. Waagizaji waandikishwe, na kila shehena iwe na cheti cha kipimo na cheti cha asili. Mwezi wa Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Nairobi, na nchi mbili zikaahidi kuondoa vikwazo vya namna hiyo. Msomaji aangalie vizuri jambo hilo. Hapana askari wa Jumuiya aliyeyafungulia njia malori. Yalifunguliwa na simu, barua na mikutano ya serikali zilizojua kwamba zimetia sahihi ahadi moja.

Je, wakulima wetu walipata faida au hasara? Itategemea umemwuliza nani. Mkulima wa sehemu za juu mwenye ghala iliyojaa hupenda mpaka ufungwe, bei ipande. Jamaa wa Mbeere au Tharaka, ambaye mvua imemtupa, hununua kwa debe na hupenda mpaka uwe wazi, bei ishuke. Tena mara nyingi ni mtu yule yule mmoja, ambaye mwaka huu anauza na mwaka ujao ananunua. Basi kabla ya kulaani mpaka ulio wazi, na tukumbuke kwamba mlango mmoja huo huo ndio wa kutokea na wa kuingilia.

MIRAA NA MUGUKA

Kwa watu wa Igembe na Tigania jambo lililo kubwa zaidi ni miraa. Miraa haisubiri. Hukatwa alfajiri, hufungwa kwa majani ya mgomba, hutolewa Maua kwa magari ya mbio hadi Nairobi, na kupakiwa ndegeni. Ikikaa siku mbili tatu thamani imekwenda. Bidhaa ya namna hiyo huumia kwa kila mkwaruzano wa serikali kuliko bidhaa nyingine yo yote.

Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, na Uingereza mwezi wa Juni 2014. Somalia ndiyo iliyobaki kuwa soko kubwa la nje. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Somalia ilizuia miraa isiingie. Ugonjwa ulipungua lakini zuio halikuondoka, maana Desemba mwaka ule Somalia ilivunja uhusiano wa kibalozi na Kenya. Uhusiano ulirudishwa Mei 2021, lakini soko halikufunguliwa hadi Julai 2022, baada ya mazungumzo ya Marais wa nchi mbili mjini Nairobi. Kwa muda wa miaka 2 na zaidi watoto wengi wa Nyambene walirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na wazazi wao hawakuwa na mlango wa kugonga ila ule wa serikali yao wenyewe.

Tangu Machi 2024 Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya. Je, maana yake ni kwamba miraa sasa ina njia isiyozuilika? La hasha, na afadhali jambo hili lisemwe wazi. Nchi mpya hupewa muda wa kuzilinganisha sheria zake na za wenzake. Tena, kama tulivyoona, nchi yo yote inaweza kuzuia bidhaa kwa sababu ya afya ya watu. Tanzania ni mwanachama tangu mwanzo, na huko miraa, waiitayo mirungi, ni dawa ya kulevya mbele ya sheria. Mtu akikamatwa nayo atafungwa, wala cheti cha asili hakitamwokoa. Wapo pia wengi katika Somalia na hapa kwetu wasemao kwamba majani haya huwadhuru vijana, na hoja yao haitajibiwa kwa kelele.

Lililobadilika ni hili: zamani Somalia ikifunga ilikuwa na uhuru wa kukaa kimya. Sasa imetia sahihi kwamba ikizuia bidhaa itatoa taarifa na sababu, na kwamba sababu hizo zinaweza kuulizwa katika Baraza la Mawaziri au mbele ya majaji. Si jambo kubwa kama wengine wanavyotangaza, lakini si dogo pia. Mtu aliyefungiwa mlango bila neno na mtu aliyefungiwa kwa barua yenye sahihi hawako katika hali moja, kwa maana huyu wa pili ana cha kupeleka shaurini.

Watu wa Embu waliona tofauti hiyo mwaka 2024. Mwezi wa Mei kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka. Wakulima walikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo kwa muda ili shauri lisikilizwe. Ndani ya nchi moja lilikuwapo jumba la sheria, tena lilikuwa karibu. Jumuiya ni jaribio la kuwa na jumba la namna hiyo baina ya nchi na nchi.

MAHAKAMA YA ARUSHA

Mkataba wasema kwamba mtu ye yote aishiye katika nchi mwanachama aweza kupeleka shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, akidai kwamba sheria, amri au tendo la serikali limevunja Mkataba. Si lazima awe tajiri wala mwanasiasa. Sharti kubwa ni muda. Yampasa apeleke shauri kabla ya kupita miezi 2 tangu tendo lilipofanyika au tangu alipolijua. Mashauri mengi yametupwa kwa kuchelewa tu, hata kabla ya kusikilizwa.

Nguvu ya Mahakama hiyo ilionekana mapema. Mwaka 2006 majina ya wabunge 9 wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki yalitolewa na kamati bila Bunge la Kenya kupiga kura. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walishtaki. Novemba mwaka huo Mahakama ilizuia wabunge hao wasiapishwe, na tarehe 30 Machi 2007 ikahukumu kwamba kanuni za Kenya zilikuwa kinyume cha Mkataba. Kenya ilitunga kanuni mpya na kuchagua upya. Lakini kabla hata ya hukumu, Desemba 2006, Wakuu wa Nchi waliubadili Mkataba. Mahakama iligawanywa sehemu mbili ili pawe na rufani, sababu za kumwondoa jaji ziliongezwa, na ndipo kilipowekwa kile kikomo cha miezi 2. Hapo twaona mambo mawili kwa pamoja: serikali ilitii hukumu, na serikali zikahakikisha kwamba mahakama haitazishtua tena kirahisi.

Hata hivyo imeendelea kufanya kazi. Mwaka 2014 iliamua juu ya barabara iliyokusudiwa kukata Serengeti. Mwaka 2019 iliamua kwamba Uganda haikuwa na haki kuzitoza sigara zilizotengenezwa Kenya kodi kubwa kuliko zile za kwake. Hukumu hiyo ya sigara yafaa ikumbukwe na kila mtu auzaye maziwa, unga au matunda, maana kanuni iliyo ndani yake ni ile ile: bidhaa ya mwanachama mwenzako usiifanye kuwa ya mgeni.

UDHAIFU WAKE

Si haki kuzisifu kazi za Jumuiya bila kutaja upungufu wake. Kwanza ni fedha. Mkataba uliweka kwamba kila nchi ichange sawa, lakini nchi nyingine huchelewa kulipa, na mara kadhaa vikao vimeahirishwa kwa kukosa fedha. Ushirika ambao wanachama hawalipi hisa zao hauwezi kulipa karani.

Pili ni ule mwendo wa kungojeana. Mapatano ya biashara na Ulaya ni ushahidi. Muda wa kukubaliana ulipita tarehe 1 Oktoba 2014, na maua na mboga za Kenya zikaanza kutozwa ushuru Ulaya hadi Desemba 25. Nchi nyingine za Jumuiya hazikuumia, kwa kuwa huhesabiwa kuwa maskini zaidi na bidhaa zao huingia Ulaya bure. Wafanya kazi wa mashamba ya maua ya Timau na wakulima wa mishiri ya Imenti ndio waliobaki roho mkononi. Mwishowe Kenya ilitangulia peke yake, ikatia sahihi Desemba 2023, na mapatano yakaanza Julai 2024. Mkataba huruhusu hivyo, kwamba walio tayari watangulie na wengine wafuate. Lakini msafara wa namna hiyo hurefuka, na wa nyuma hawawaoni tena wa mbele.

Tatu, mara nyingi serikali huahidi Arusha na kusahau nyumbani. Ushuru huondolewa, kisha mahali pake huzaliwa vibali, ada na vizuizi vya barabarani. Mwaka 2017 ilitungwa sheria ya Jumuiya ya kuondoa vikwazo hivyo, na kila nchi iwe na kamati ya kuvifuatilia. Kamati hiyo haiwezi kufuatilia kikwazo isichoambiwa.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, mfanya biashara avukaye mpaka adai cheti cha asili na risiti kwa kila malipo. Asiyekuwa na karatasi hana shauri.

Pili, akizuiwa bila sababu, aandike tarehe, mahali, bidhaa na neno aliloambiwa, kisha apeleke habari hiyo kwa wizara ya biashara, ambayo ndiyo yenye kamati ya vikwazo. Afadhali ipelekwe kwa mkono wa chama cha ushirika au cha wafanya biashara, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatu, vyama vyetu vya miraa, muguka, maziwa na nafaka viwaulize wale wabunge 9 wa Kenya walioko Arusha, na wizara zinazopeleka wataalamu huko, ni mambo gani yaliyoko mezani kabla hayajaamuliwa. Waraka wa ushuru hutoka kila mwaka kabla ya mwezi wa Julai. Mwenye neno alitoe mapema, asingoje kulalamika mwezi wa Agosti.

Nne, likitokea jambo la kwenda mahakamani, na ihesabiwe ile miezi 2 tangu siku ya kwanza.

Jumuiya ya kwanza ilikuwa na reli, meli na ndege, nayo ilikufa. Hii ya sasa haina hata gari moja la moshi. Mali yake kubwa ni ahadi zilizoandikwa. Ahadi za serikali hutunzwa na wale wanaozijua na kuzidai. Mkulima wa Meru na Embu amekwisha kujifunza kumdai meneja wa kiwanda chake hesabu ya kila kilo ya buni. Elimu hiyo hiyo yatosha kumfikisha Arusha.